Tiki Moja Si Mtandao: Tulivyoutafuta Ujumbe Uliochelewa Mgeta

Kabichi zilikuwa zimepangwa kando ya barabara ya Nyandira, na lori lilikuwa limeshafika Mzumbe likirudi mjini Morogoro. Ujumbe wa kwamba gari lingepita saa 11 alfajiri badala ya saa 1 asubuhi ulitumwa jana yake saa 10 jioni, kwenye grupu la WhatsApp la kazi lenye watu 12. Kati ya 11 waliotakiwa kuupata, 4 waliusoma jioni ileile. Waliobaki 7 waliujua wakati gari halipo. Katika kikao kilichofuata kila mtu alisema neno moja: mtandao. Milimani ndivyo kulivyo.

Nilipoitwa kusaidia, msimamizi wa kundi hilo la wakusanyaji mboga alikuwa ameshaamua wahamie programu nyingine. Nilimwambia, "Kaka, nipe siku tatu kwanza. Tujue ujumbe umekwama wapi." Naeleza hapa tulivyofanya, kwa sababu ofisi nyingi za nchi hii zinaendesha kazi kwa grupu la WhatsApp, na nyingi zinatibu ugonjwa zisioupima.

Alama zinasema nini

Ujumbe hauruki kutoka simu hadi simu. Unatoka kwenye simu ya mtumaji, unapita mnara wa karibu, unafika kwenye seva za WhatsApp zilizo nje ya nchi, unarudi hadi mnara ulio karibu na mpokeaji, ndipo unaingia kwenye simu yake. Hata kama mmoja yuko Nyandira na mwenzake Langali, safari ni hiyohiyo.

Alama zilizo kando ya ujumbe zinaonyesha umefika kituo gani. Alama ya saa maana yake bado uko kwenye simu ya mtumaji. Tiki moja maana yake seva imeupokea, simu ya mpokeaji bado. Tiki mbili za kijivu maana yake umeingia kwenye simu. Zikigeuka bluu, umesomwa.

Kwenye grupu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: tiki ya pili haitokei mpaka ujumbe uwe umefika kwa wote. Mtu mmoja aliyezima simu anatosha kuuacha ujumbe na tiki moja, ingawa wengine 10 wameshaupata. Kwa hiyo mtumaji akiona tiki moja hawezi kusema "haujafika." Anachoweza kusema ni kwamba kuna angalau mtu mmoja ambaye haujamfikia. Kumjua ni nani, abonyeze ujumbe aliotuma, aushikilie, kisha afungue taarifa zake. Humo ataona majina ya waliofikiwa, waliosoma, na saa ya kila mmoja.

Tulifungua simu ya msimamizi, tukachukua ujumbe wa siku kadhaa, tukaandika kwenye daftari: nani, umefika saa ngapi, umesomwa saa ngapi, alikuwa wapi. Kazi hiyo ya kalamu na karatasi ndiyo iliyotoa nusu ya jibu.

Watu 7, sababu 4

Watatu walifikiwa na ujumbe ndani ya dakika ile ile. Hawakuufungua. Walikuwa wamezima mlio wa grupu kwa sababu ya salamu za asubuhi, picha za harusi na video za mpira. Mlima haukuwazuia, agizo la kazi lilizikwa chini ya maongezi.

Wawili walionyesha tabia moja: ujumbe uliwafikia kila walipowasha kioo cha simu, si kabla. Tuliwapigia simu ya kawaida, ikaita papo hapo. Tukawatumia meseji ya kawaida, ikaingia. Tukatuma WhatsApp, kimya. Walipoifungua programu, ujumbe wote ukamiminika. Hapo mtandao ulikuwa mzima. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu iliyolala huzibana programu ili kutunza chaji, na baadhi ya watengenezaji wa simu za bei nafuu wameongeza visafishaji vyao vinavyozifunga kabisa. Tuliingia kwenye mipangilio ya betri, tukairuhusu WhatsApp kufanya kazi muda wote, tukaitoa kwenye orodha ya zinazosafishwa. Tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Wa sita alikuwa akizima data kila jioni ili bando lisiishe. Hilo si kosa la kumcheka mtu. Ni hesabu ya mfuko. Lakini mwajiri anayetuma maagizo ya kazi kwa bando la mfanyakazi hana haki ya kushangaa yasipofika.

Wa saba peke yake ndiye aliyekuwa na tatizo la mtandao kweli. Anaishi kwenye bonde lililozungukwa na migongo ya milima. Milima ya Uluguru, ilipo Mgeta, si vilima vya kawaida: Lupanga, kilele kinachoutazama mji wa Morogoro, kina mita 2,138, na kilele cha Kimhandu mita 2,630. Mawimbi ya simu hupenda njia iliyo wazi, na mgongo wa mlima ukisimama katikati, simu inabaki na mabaki tu ya mawimbi. Hata vijiti viwili vinavyoonekana juu ya kioo vinaweza kudanganya, kwa kuwa simu ndogo inaweza kuusikia mnara wenye nguvu huku mnara hauisikii simu. Meseji ya kawaida ni fupi, herufi 160, na hupita kwenye njia ya mawasiliano ya ndani ya mtandao wa simu bila kuhitaji bando. Ndiyo maana ilimfikia pale ambapo WhatsApp ilisubiri mpaka apande barabarani.

Tatizo la mnara halitibiwi kwa mipangilio. Linahitaji uwekezaji, na serikali inalijua: tarehe 13 Mei 2023, mjini Dodoma, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Lakini mnara mpya usingewasaidia wale sita wengine hata kidogo.

Shina linapokatika

Kuna siku tatizo haliko kwa mtu wala mlimani. Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takribani saa 6, baada ya amri iliyotolewa wakati wa matengenezo kuikata mitambo ya kampuni hiyo kutoka kwenye intaneti. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikadorora vibaya. Dalili ya siku kama hizo ni rahisi: watu wa mjini, wenye laini tofauti na bando la kutosha, nao wanaona alama ya saa au tiki moja. Ukiona hivyo, usipoteze muda kufuta programu na kuiweka upya. Piga simu ya kawaida, kazi iendelee.

Tulichobadilisha

Msimamizi hakuhama programu. Alifungua grupu la pili la maagizo tu, ambalo yeye na msaidizi wake pekee ndio wanaoweza kuandika. Salamu zikabaki kwenye grupu la zamani. Agizo linaandikwa kwa maneno, si kwa picha ya karatasi, kwa sababu maneno ni mepesi na hupita hata penye mtandao hafifu. Kila saa 12 jioni msaidizi anafungua taarifa za ujumbe. Asiyeonekana kwenye orodha ya waliosoma anatumiwa meseji ya kawaida, na asipojibu anapigiwa. Fedha ya bando la jioni sasa inatoka kazini.

Kwenye shamba la Mgeta kabichi moja ni miezi ya kupalilia na kumwagilia, na fedha yake ndiyo ada ya mtoto. Anayetuma agizo la gari ana wajibu wa kuhakikisha limesomwa, si kutuma tu. Kwa hiyo, ndugu msimamizi, kabla hujalaumu mtandao, fungua taarifa za ujumbe wako, usome majina, halafu umpigie simu ambaye jina lake halipo.