Mzee Langoni

Watoto wa Makiso, hapa Kisangani, wakicheza mpira na timu yao ikapata bao, kipa huketi chini papo hapo akarukaruka kwa makalio, na wenzake wakacheka. Mchezo huo watoka kwa Robert Kidiaba wa Lubumbashi. Twauliza: je, huo ndio urithi wote aliotuachia?

Mwaka 2010 TP Mazembe ilifika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu huko Abu Dhabi, klabu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Inter ya Milano ilishinda 3-0, lakini dunia nzima ilikwisha kumjua kipa yule. Miaka ikapita, na kama ilivyo desturi yetu wapenda mpira, maneno yakaanza: mzee apumzike, vijana waingie.

Basi mwaka 2015 mzee huyo akalinda lango la taifa katika Kombe la Afrika. Katika nusu fainali Kodivaa walimfunga mabao 3. Hatufichi jambo hilo. Lakini tarehe 7 Februari, siku 6 baada ya kutimiza miaka 39, alisimama tena langoni mbele ya wenyeji, Guinea ya Ikweta. Mchezo ukaisha 0-0. Kwa penati tukashinda 4-2, tukapata nafasi ya 3, ambayo hatukuipata tangu 1998. Novemba mwaka uleule Mazembe ikatwaa Kombe la Mabingwa wa Afrika mara ya 5.

Wengine humfananisha na Roger Milla wa Kameruni, aliyefunga mabao 4 katika Kombe la Dunia la 1990 akiwa na miaka 38. Mfano ni mzuri, lakini hautoshi. Milla aliingizwa wapinzani walipokwisha kuchoka. Kipa husimama tangu mwanzo hata mwisho, na kosa lake moja ni bao. Mguu ukipungua nguvu, jicho lijue mapema mpira utapita wapi. Ndiyo maana wahenga walisema: penye wazee haliharibiki neno.

Kidiaba alipoacha kucheza, alifundisha makipa wa Mazembe. Kurukaruka huigwa kwa siku moja. Kudumu langoni hufunzwa miaka mingi. Enyi wazazi na walimu, mkimwona mtoto akirukaruka, msimkataze. Mwambieni tu kwamba mwenye mchezo ule, akiwa na miaka 39, alikuwa angali akifanya kazi.