Nani Mhusika Mkuu wa "Who Killed Captain Alex?"

Mwanafunzi akiulizwa amtaje mhusika mkuu wa filamu ya Who Killed Captain Alex?, aghalabu atajibu upesi kwamba ni Kapteni Alex. Jina lake limo katika anwani, na ndiye anayeongoza makomando dhidi ya genge la Tiger Mafia. Hata hivyo, kapteni huyo huuawa mapema, hadithi huendelea bila yeye, na filamu huisha pasipo kumtaja muuaji. Mwanafunzi mwingine atamtaja Bruce U, ndugu wa marehemu, mpiganaji wa kung fu anayekuja kulipiza kisasi. Naye huingia wakati hadithi imekwisha kushika kasi. Makala haya yanatetea jibu la tatu: mhusika mkuu ni VJ Emmie, mtu ambaye tunamsikia tu.

Kwanza tuwakumbushe wasomaji usuli wa kazi hii. Filamu hiyo ya 2010 iliongozwa na Isaac Nabwana katika mtaa wa Wakaliga, hapa Kampala, chini ya kampuni yake ya Ramon Film Productions. Watu wameizoea kwa jina la Wakaliwood. Waigizaji wake walikuwa majirani na marafiki waliopenda mno filamu za mapigano. Bunduki zilitengenezwa kwa vyuma chakavu, na helikopta inayoishambulia Kampala ilichorwa kwa kompyuta. Filamu ilipokamilika, waigizaji haohao waliuza DVD nyumba kwa nyumba. Mwaka 2015 filamu nzima iliwekwa YouTube, ikatazamwa na mamilioni ya watu.

Mapenzi hayo ya filamu yanaonekana wazi katika uundaji wa wahusika, hasa katika majina. Tunapofundisha riwaya na tamthilia tunazungumzia majina ya majazi, yaani majina yanayoafiki tabia za wahusika. Wakaliwood wana majazi ya aina yao. Jina la Bruce U, aliyeigizwa na Bukenya Charles, linamwita Bruce Lee na kumfanya Mganda kwa herufi moja. Katika Bad Black, filamu yao ya 2016, mtoto mdogo anayemfunza daktari wa Kimarekani ukomando anaitwa Wesley Snipes. Mtazamaji aliyewahi kuona filamu za Snipes hucheka kabla mtoto hajarusha hata teke moja. Jina linabeba filamu nyingine nzima, na kichekesho kinatokana na umbali uliopo kati ya nyota wa Marekani na mtoto huyu anayeishi katika mtaa wa maskini.

Kwa vigezo vyetu vya kawaida, wengi wa wahusika hawa ni bapa. Richard, mkuu wa Tiger Mafia, ni hasira tupu tangu mwanzo hadi mwisho. Puffs, mamluki wake, kazi yake ni kuua. Hilo si kosa, kwa kuwa tamthilia za vichekesho duniani kote huwatumia wahusika wa namna hii. Anayetoka nje ya mkondo huo ni Bad Black mwenyewe, aliyeigizwa na Nalwanga Gloria. Tunamwona akipoteza baba, akiishi na watoto wa mitaani, kisha akikua na kuwa tapeli na kiongozi wa genge. Tunajua kwa nini amekuwa mkatili, na kwa hiyo hatumcheki kama tunavyowacheka wengine.

Turejee sasa kwa VJ Emmie. Katika vibanda vya video vya Kampala, VJ ni mtu anayekaa na kipaza sauti akitafsiri na kufafanua filamu ya kigeni kwa Kiganda, huku akitia chumvi na mzaha. Nabwana aliipeleka desturi hiyo ndani ya filamu zake mwenyewe. Yeye binafsi alipokuwa mtoto alizijua filamu za akina Chuck Norris na Bud Spencer kwa masikio: kaka zake walizitazama, kisha wakarudi nyumbani kumhadithia. Tena, nakala ya awali ya Captain Alex ilifutwa ili kupata nafasi katika kompyuta. Iliyosalia ni ile yenye sauti ya VJ Emmie. Kwa hiyo haiwezekani kuichambua filamu hii na kumweka yeye kando.

Kuna watakaopinga kwamba huyo ni msimulizi tu, kama mtambaji wa ngano. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Mtambaji anaweza kujificha nyuma ya hadithi yake. VJ Emmie hajifichi. Anashabikia, anatania wahusika, anaisifu Uganda, anatutangazia kwamba mapigano yanakaribia, na anakosa subira yakichelewa. Ana tabia, ana matakwa, na ana uhusiano na wahusika wengine ingawa wao hawamsikii. Yeye ni yule rafiki aliyekwisha kuiona filamu mara kumi na hawezi kunyamaza. Katika kazi iliyoundwa na marafiki waliolewa filamu, ndiye anayewawakilisha wote.

Dosari ipo pia. VJ Emmie hanyamazi hata penye msiba. Mazungumzo ya Kiganda ya waigizaji mara nyingi humezwa na sauti yake, na hisia ambazo mwigizaji alijitahidi kuzijenga hugeuzwa utani. Wahusika wa kike, ambao tayari ni wachache katika Captain Alex, ndio wanaoumia zaidi. Mhusika mkuu anayewanyima wenzake nafasi ya kusema anastahili kuhakikiwa kama mwingine yeyote.

Je, haya yanamhusu nini mwalimu wa Kiswahili? Kazi ya VJ ina ndugu zake katika lugha yetu: Lufufu alijipatia jina Tanzania kwa kutafsiri filamu kwa Kiswahili, na DJ Afro akafanya vivyo hivyo Kenya. Hapa Uganda, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, lakini wananchi wengi bado wanakihusisha na kambi za jeshi na amri za askari. Lugha ambayo watu hawajawahi kuchekea ni vigumu kuipenda. Tunapendekeza mwalimu achukue dakika tano za filamu ya mapigano, azime sauti, na amwachie mwanafunzi kipaza sauti. Helikopta inapaa, kombora linaanguka, makomando wanakimbia: upatanisho wa kisarufi utapimwa papo hapo, bila muda wa kufungua daftari.

Na siku ya mtihani, mwanafunzi akiandika kwamba mhusika mkuu wa Captain Alex ni VJ Emmie, asikatwe alama kwa sababu ya jibu hilo. Atakiwe kulithibitisha kwa mifano, kama anavyotakiwa yule aliyemtaja kapteni.