Jiji la kartoni, gari la shaba

Mita 5 na sentimita 70! Huo ndio urefu wa Ville Fantôme, jiji zima ambalo msanii Bodys Isek Kingelez alilijenga Kinshasa mwaka 1996 kwa karatasi, kartoni, plastiki na takataka nyingine ambazo mimi na wewe tungezipeleka jalalani bila kugeuka nyuma. Upana wake ni mita 2 na sentimita 40. Minara yake inapanda hadi mita 1 na sentimita 20. Nimeliona wiki hii kwa mara ya kwanza, kwenye kompyuta ya mpwa wangu anayesomea usanifu, nyumbani kwao hapa Likasi, Katanga, na mpaka naandika haya moyo haujatulia. Nilimwambia arudishe picha, arudishe tena, akuze hapo kwenye madirisha, hapo kwenye ngazi, hapo barabara inapopinda. Kila unapotazama pana jambo! Kuna jengo limefunguka kama upepeo, jingine limevaa nyota kichwani, jingine lina mabaraza yanayozunguka toka chini hadi juu, na rangi zake hazimwogopi mtu: waridi, kijani, buluu, njano, zote jirani na hakuna ugomvi. Na jiji lenyewe, kwa maelezo ya mwenyewe, ni la amani kiasi kwamba halihitaji polisi.

Wengi tunaijua maketi ya ofisini, ule mfano mdogo wa jengo, ile nyeupe yenye miti ya sponji, iliyofungiwa kwenye kioo ili mwenye fedha aione kabla ya kutia saini. Sahau hiyo. Kingelez hakuwa akimwonyesha mteja nyumba itakayojengwa. Maketi yenyewe ndiyo kazi, imekwisha, imekamilika, na inakusemesha: kwa nini mji wako usifanane na huu?

Safari yake inanisisimua kuliko hata minara. Alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele-Ihunga, akahamia Kinshasa mwaka 1970, akasoma, akawa mwalimu wa sekondari. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kazi hii ikamshika kwa nguvu: alichotaka ni mkasi, kisu, gundi na karatasi, basi. Akatengeneza nyumba ndogo. Ilipofika makumbusho ya taifa, wataalamu wakaitilia shaka, haiwezekani huyu kijana ameifanya mwenyewe, wakamtaka atengeneze nyingine. Akatengeneza! Wakamwajiri kukarabati kazi za sanaa za kale, na baada ya miaka kadhaa akaacha ajira ili ajenge majiji yake mwenyewe. Mwaka 1989 maonyesho ya Magiciens de la terre yakampeleka Paris, na kuanzia hapo dunia ikamjua. Mwaka 2018, miaka 3 baada ya kifo chake, jumba la makumbusho la MoMA la New York likamfungulia maonyesho makubwa yaliyoitwa City Dreams, na wageni wakavalishwa miwani ya kompyuta ili watembee ndani ya Ville Fantôme, kati ya majengo, kwa kimo cha mkazi wa pale. Watu wa New York wakitembea mitaani mwa kartoni ya Kinshasa! Mwenzenu nilipiga makofi peke yangu sebuleni.

Mpwa wangu hakupiga makofi. Yeye aliinuka akaenda kuleta boksi la viatu, kisu cha kukatia karatasi na rula ya chuma, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa ninachokitazama.

Kwa sababu picha haikwambii ugumu ulipo. Chukua kartoni ya kawaida, ile ya biskuti au ya sabuni tunayoikuta nyuma ya duka lolote: ni karatasi 2 zilizonyooka, katikati pana karatasi ya mawimbi. Ukijaribu kuikunja iwe mnara wa duara, inavunjika vipandevipande na uso wake unakunjamana. Sasa iloweshe kidogo upande mmoja, bandua ile karatasi ya juu polepole kwa kidole gumba, na ghafla kartoni ileile inajiviringisha kufuata mawimbi, laini, bila kovu. Mnara huo! Geuza, acha mawimbi yaonekane nje, na una paa la bati. Nasema kweli, kwa macho yangu: kipande cha upana wa kiganja, mawimbi nje, kimepakwa rangi ya kahawia ya kutu, kikawekwa juu ya kijumba, na niliona moja kwa moja nyumba za wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines tulizokulia jirani nazo. Nikanyoosha mkono.

“Mjomba, usiguse, kole bado mbichi!”

Basi nikarudisha mkono. Gundi nayo ina mambo yake. Ile nyeupe ya maji ukiimwaga nyingi, kartoni inalewa na kupinda inapokauka, kwa hiyo mpwa wangu huipaka nyembamba kwa kipande cha kadi na kukandamiza kazi kwa matofali usiku kucha. Kona hazikatwi. Unapitisha mgongo wa kisu ili karatasi ipate mfereji tu, kisha unakunja, na kona inatoka kali. Na msimu wa mvua, hapa kwetu unaoanza kuelekea mwisho wa mwaka, kila kitu cha karatasi kinavuta unyevu, kwa hiyo maketi hulala juu ya kabati, mbali na sakafu. Ukishayajua haya, rudi kwenye picha za Kingelez. Tazama kona zake. Hakuna hata moja iliyolegea! Madirisha yamepangwa safu kwa safu, mamia, na kila moja ni mkono wa mtu mmoja na kisu kimoja. Kuna kazi yake ya mwaka 1991 inayoitwa Canada Dry, jina la soda, na kuna nyingine ya mwaka huohuo ambayo ni kituo cha kisayansi cha kuwalaza wagonjwa wa ukimwi. Hiyo ya pili ilininyamazisha. Mwaka 1991, wakati ugonjwa ule bado unatajwa kwa kunong’ona, mtu anakaa Kinshasa na kujenga kwa karatasi hospitali yenye fahari ya ikulu. Hakuwa na saruji wala bajeti ya wizara, lakini alishaamua wagonjwa wanastahili jengo la namna gani.

Lakini mimi ni mtu wa Katanga, na kwetu mali ya kuchezea si karatasi tu. Ni waya! Mtoto gani wa hapa hajasukuma gari la waya, lenye fimbo ndefu na usukani juu, magurudumu ya makopo au ya ndala kuukuu? Ndiyo maana nilipofunguliwa picha ya pili niliruka kwenye kiti. Mwaka 2019, wasanii wa Lubumbashi Jean Katambayi Mukendi, Sammy Baloji na Daddy Tshikaya, ndani ya mradi wa On-Trade-Off, walitengeneza gari la Tesla kwa waya wa shaba. Si la kusukuma kwa fimbo. La ukubwa wa gari halisi! Wanaliita Tesla Crash, gari la baada ya ajali, na mwili wake wote ni mistari ya shaba hewani. Unaona ndani, unaona nje, unaona ukuta wa nyuma yake. Fikiria mnyororo wenyewe: madini ya gari la umeme yanatoka kwetu, shaba na kobalti ya Katanga, na mradi ule uliangalia hasa litiamu ya Manono. Mawe yanaondoka, gari linatengenezwa mbali, wengi wetu hatujawahi kuligusa. Basi mafundi wa Lubumbashi wakalileta wenyewe, kwa mbinu ya mchezo wa watoto wa Kongo. Ningetoa nini kulizunguka kwa miguu!

Katambayi huyu, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1974, ni mtu aliyesomea umeme, na kwa miaka amekuwa akiunda mashine za kartoni, waya na vipuri vya vifaa vilivyokufa. Wanaotoka kwenye mitaa ambako umeme huja ukitaka wataelewa kwa nini fundi umeme aanze kuchora na kuunda mitambo yake mwenyewe. Baloji naye ni mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Picha, ambacho tangu mwaka 2008 kimeifanya Lubumbashi kuwa mwenyeji wa bienale. Ni kilomita 120 hivi kutoka hapa. Siyo New York!

Waya wa shaba nao nimeujaribu, kwa sababu sikuweza kukaa tu. Nyaya za zamani zilizovuliwa plastiki. Mara ya kwanza unakunjika vizuri, ukiurudisha unaanza kukaidi, ukiukunja tena unakatika mkononi: shaba inayokunjwa mara kwa mara hukaza. Dawa yake ni mbabula, jiko la makaa. Uweke kwenye makaa mpaka uive mwekundu, uutumbukize majini, utoe: umelegea kama mpya, mweusi kidogo, tayari kukunjwa upya. Mji huu, ambao zamani uliitwa Jadotville, umesafisha shaba pale Shituru tangu mwaka 1929, na bado nilihitaji mwanafunzi mwenye koleo anionyeshe shaba inavyokaza na inavyolegea. Nilifurahi kama nini!

Meza ya mpwa wangu sasa ina mtaa mzima. Si mzuri bado, niseme wazi kama mtu anayempenda: barabara ni pana mno, rangi anaziogopa, na majengo yote yana kimo kimoja. Nyumba 4 zina paa la mawimbi, kanisa lina mnara wa kartoni iliyobanduliwa, na bomba la moshi la kiwanda limesukwa kwa waya, unaona ndani yake. Hilo bomba ni zuri sana. Ni zuri kuliko nyumba zote, kwa sababu ni kitu kizito alichokifanya kiwe chepesi, na nimemwambia aanze upya kila kitu kwa kulifuata hilo.

Kwa anayetaka kuanza kumtazama Kingelez, asikimbilie Ville Fantôme kama mimi. Aanze na Kimbembele Ihunga ya mwaka 1994. Hapo alichukua kijiji alichozaliwa akakigeuza kuwa jiji kuu, lenye maghorofa na barabara pana, akakiacha na jina lake lilelile. Akishaitazama vya kutosha ndipo aende kwa U.N. ya mwaka 1995, aliyoijenga Umoja wa Mataifa ulipotimiza miaka 50, kisha majiji makubwa. Na kama ana boksi la viatu nyumbani, alilete mezani kabla ya kufungua picha ya kwanza, pamoja na kisu chenye wembe mpya. Wembe mkuukuu huchana kartoni badala ya kuikata.