Masikio ya Punda

Hapa Faza, kisiwani Pate, punda hutubebea mizigo yetu. Na mtoto mtundu asiyesikia huitwa punda. Nami tusi hilo nimelitamka darasani. Ziko hadithi mbili zilizonifanya nilijutie.

Ya kwanza ni ya pwani yetu, Punda wa Dobi, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 pamoja na nyingine alizozikusanya Unguja. Sungura alimpeleka punda kwa simba kwa hila. Punda akanusurika, akatoroka. Akadanganywa tena, akarudi, akauawa. Sungura akala moyo na masikio, kisha akadai kwamba punda huyo hakuwa navyo kamwe. Angalikuwa navyo, hangalirudi.

Ya pili ni Pinocchio, kitabu cha Mwitalia Carlo Collodi, kilichotoka mwaka 1883. Pinocchio ni kijana wa mti, na kila utundu wake humrudia mwenyewe. Baba yake aliuza koti ili amnunulie kitabu cha shule. Yeye akakiuza kitabu apate kutazama vikaragosi. Alitoroka shule kwenda pwani na wenziwe, akakamatwa na askari kwa kosa la mwingine. Mwisho akahamia nchi ya michezo, na baada ya miezi mitano akaota masikio ya punda, kisha akawa punda mzima.

Katika hadithi yetu asiyesikia hunyimwa masikio. Katika ya Collodi huongezewa. Dhihaka ni moja, lakini hukumu ni mbili. Punda wa dobi hufa. Twajifunza sisi, yeye hakujifunza. Collodi naye alikusudia kumaliza hivyo: mwaka 1881, gazetini, alimwacha Pinocchio ananing'inia mtini. Wasomaji hawakuridhika, na hadithi ikaendelezwa mwaka 1882.

Naona walikuwa na haki. Ni kweli kwamba Collodi huhubiri mno, hasa kwa kinywa cha nyenje wake. Lakini karibu na mwisho hahubiri. Pinocchio, amekwisha rudia umbo lake, ateka ndoo mia za maji ili apate bilauri moja ya maziwa kwa ajili ya baba yake mgonjwa. Kazi ile ilikuwa ya punda. Na punda mwenyewe, aliyelala zizini akikata roho, ni yule rafiki waliyekwenda naye nchi ya michezo.

Basi mwalimu amwitaye mtoto punda huifunga hadithi mapema mno, kama Collodi alivyotaka kuifunga mwaka 1881.