Jikoni kwa Karen

Mimi naishi SQ. Kileleshwa ukisema hivyo hakuna anayehitaji maelezo: chumba kimoja na choo nyuma ya bangalo ya mawe yenye paa la vigae vyekundu, mlango ukitazama ukuta wa jiko la mwenye nyumba. Mwezi uliopita tulipewa notisi. Bangalo inabomolewa, ghorofa inakuja. Jumamosi nikapanda matatu hadi Karen kuangalia nyumba ambayo haitabomolewa.

Nyumba ya Karen Blixen ilijengwa 1912 na Msweden, Åke Sjögren. Blixen na mumewe walihamia hapo 1917. Shamba la kahawa likafilisika, akaondoka 1931. Kenya ilipopata uhuru, Denmark iliinunua na kutuzawadia mwaka wa 1964. Makavazi yalifunguliwa 1986, mwaka mmoja baada ya filamu ya Out of Africa, ambayo Meryl Streep aliigiza kama Karen. Baadhi ya vitu vinavyoonyeshwa ndani vilitoka kwenye filamu hiyo, kwa hivyo usishangae ukijikuta unaheshimu fanicha ya seti.

Sitajifanya: ni nyumba nzuri. Imelala chini, haishindani na vilima vya Ngong. Shida yangu ni kwamba tumefunzwa kuitazama kutoka mbele. Bustani, baraza, kitanda, selfie, kwaheri.

Mimi nilianzia nyuma. Jiko liko nje, jengo la peke yake. Utaambiwa ni moshi na hatari ya moto, na ni kweli, kuni si mchezo. Lakini hapo ndipo Kamante Gatura alipika, na kila sahani ililazimika kuvuka ua, mvua inyeshe isinyeshe, ifike mezani ikiwa moto. Kwangu, mchoro wa nyumba hii si paa wala baraza. Ni ule umbali. Kamante mwenyewe alikuwa na mengi ya kusema. Hadithi zake zilitoka kama kitabu 1975, zikiwa zimekusanywa na Peter Beard. Mgeni angeanzishiwa jikoni, angeona nyumba nyingine kabisa.

Kileleshwa ilirithi umbali huohuo. Wakoloni waligawa Nairobi kwa rangi, mitaa hii ya magharibi ikawa ya Wazungu, na Mwafrika aliingia na kipande shingoni, akafanya kazi ndani, akalala nyuma. Sasa watu mtandaoni wanalia kwamba mabangalo yanaisha. Miti nami naililia. Lakini hebu soma mabango ya mjengo: vyumba vitatu, lifti, jenereta, halafu kwa fahari, DSQ. Nimeingia kwenye moja ya ghorofa hizo. DSQ ni kachumba kando ya jiko, kitanda kikiingia mlango haufunguki vizuri, dirisha likitazama mahali pa kuanikia nguo. Bangalo tumeibomoa. Chumba changu tumekipandisha ghorofa ya kumi.

Juzi nilipiga nambari iliyo kwenye bango la hapa kwetu. Nikauliza DSQ ina ukubwa gani.

Jamaa akanyamaza kidogo. “Kwani wewe unataka kununua,” akaniuliza, “ama unatafuta kazi?”