Geuza Beji Utazame Mgongo

Beji ya vita ya nyambizi ya Kijerumani ikiwekwa mezani, wanunuzi wengi huinamia uso wake: shada la majani, mwili wa nyambizi uliokatiza katikati, tai na swastika juu. Huko ndiko mghushi anakotaka macho yao yaende, kwa sababu uso ndio aliouhangaikia. Igeuze. Bawaba, pini, ndoano, mhuri na rangi ya chuma chenyewe ndivyo vitakavyokuambia kama imetoka kiwandani wakati wa vita au imetoka karakana ya juzi.

Kwanza ujue ni ipi uliyoshika. Beji ya kwanza ya nyambizi iliwekwa na Kaisari Wilhelm II tarehe 1 Februari 1918, na juu yake pana taji. Ya pili ilianzishwa tarehe 13 Oktoba 1939. Umbo ni lile lile, ila taji limetolewa na tai mwenye swastika amekaa mahali pake. Ya tatu ni ya mwaka 1957, pale sheria ya Ujerumani Magharibi ilipowaruhusu askari wa zamani kuvaa nishani zao bila swastika. Hii ya 1957 ni halali kabisa, lakini haikuwahi kukanyaga sitaha ya nyambizi vitani. Anayekuuzia kwa bei ya ile ya 1939 anakuibia.

Sasa chuma. Beji za mwanzo wa vita vya pili zilitengenezwa kwa tombaki, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki kidogo, zikagongwa kwa mtambo mzito na kupakwa maji ya dhahabu. Vita vilipokaza, shaba ikatakiwa kwenye silaha, na beji zikahamia kwenye zinki. Tofauti unaihisi kiganjani: tombaki ni nzito zaidi, na dhahabu yake hudumu kwenye mabonde ya mchoro hata inapolika kwenye vilima. Dhahabu haishiki vizuri juu ya zinki. Baada ya miaka themanini hufifia, ikabaki rangi ya kijivu yenye mabaka. Kwa hiyo beji ya zinki inayometameta kama imetoka dukani asubuhi hii inakudai maswali. Vivyo hivyo na beji iliyochakaa sawasawa pande zote, mabonde na vilima, kwa maana nguo na mkono wa mtu havisugui namna hiyo. Tindikali ndiyo inayosugua namna hiyo.

Chukua kioo cha kukuza mara kumi na kipimo cha milimita. Mghushi wa kawaida huchukua beji halisi, akaikandamiza kwenye kalibu laini, kisha akamimina chuma kilichoyeyuka. Chuma kikipoa husinyaa. Beji ya 1939 ina upana wa milimita 48 hivi. Nakala ya namna hiyo hutoka pungufu ya zaidi ya nusu milimita, na hilo kipimo kinalikamata hata pale jicho linaposhindwa. Tazama pia manyoya ya tai na mishipa ya majani. Kwenye kazi iliyogongwa, mstari huanza na kuishia kwa ukali. Kwenye nakala umelegea, na ndani ya mifereji kuna vitundu vidogo vya mapovu ya hewa. Kisha ingia kwenye nafasi zilizo wazi kati ya nyambizi na shada. Kiwandani zilitobolewa kwa mtambo, na kwenye tombaki mikwaruzo ya kukatwa huonekana ikienda upande mmoja. Kuta laini za mviringo humo ndani ni dalili mbaya.

Halafu mhuri. Mgongoni mwa beji nyingi za nyambizi utasoma SCHWERIN BERLIN 68. Wauzaji wasiojua husema 68 ni mwaka au namba ya toleo; ni namba ya posta ya mtaa wa Berlin kilipokuwa kiwanda cha C. Schwerin und Sohn. Kwenye beji nyingine za jeshi la majini kuna majina mawili: baada ya Fec. huja msanii aliyebuni, na baada ya Ausf. huja kiwanda kilichotengeneza. Hapa ujuzi mdogo huokoa fedha nyingi. Beji ya wafagiaji mabomu ilibuniwa na Otto Placzek, ile ya manowari kubwa na mchoraji wa bahari Adolf Bock, ile ya meli za biashara zilizogeuzwa za kivita na Peekhaus. Jina likikaa kwenye beji isiyo yake, mjadala umekwisha.

Ila jina sahihi peke yake halitoshi, kwa maana kuiga herufi ni rahisi kuliko kuiga tai. Ninachokiamini zaidi ni kasoro za kalibu. Kalibu ya chuma iliyotumika mara nyingi hupata ufa mwembamba au kijipele, na beji zote zilizogongwa baada ya hapo huzaliwa na alama ile ile mahali pale pale. Weka picha kubwa za beji zisizo na shaka pembeni ya yako, ulinganishe kasoro na kasoro. Wanaoifanya kazi hii kwa uaminifu huijua mipasuko hiyo kama mama anavyoijua sauti ya mwanawe.

Nguo za mabaharia nazo zina sheria zake. Mwangaza wa taa ya urujuanimno ndio kipimo cha kwanza: dawa za kung'arisha weupe ziliingia kwenye nguo na sabuni kwa wingi baada ya vita, hivyo uzi unaowaka rangi ya buluu-nyeupe gizani una kesi ya kujibu. Nao usiuhukumu papo hapo. Huenda koti halisi limefuliwa kwa sabuni ya miaka ya sitini. Chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani uuchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua, pamba hunuka karatasi. Poliesta huyeyuka ikawa tone gumu, na uzi huo haukuwa sokoni wakati wa vita. Kisha ukague kifua upande wa kushoto, mahali beji za vita za majini zilipovaliwa. Beji iliyovaliwa muda mrefu huacha kitambaa kimebonyea na nyuzi zimelegea palipopita pini.

Kwa wasomaji wa pwani yetu, jaribu kubwa ni utepe wa kofia wenye jina la Königsberg. Manowari hiyo ilifika Dar es Salaam mwaka 1914 chini ya Kapteni Max Looff, ikaizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba, ikajificha delta ya Rufiji mpaka ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake iliopolewa, ikapigana nchi kavu, na mmoja ungali Fort Jesus, Mombasa. Lakini Ujerumani ilikuwa na Königsberg tatu. Ya pili iliingia kazini wakati wa vita vile vile, mwaka 1916. Ya tatu ilizamishwa Bergen, Norway, Aprili 1940. Utepe wenye herufi za Kigothi na neno Kreuzer ni wa hii ya tatu. Wa Rufiji ungekuwa na S.M.S. na herufi kubwa za Kirumi. Na hata huo wa S.M.S. unaweza kuwa wa meli ya pili, kwa hiyo bila barua, picha au jina la baharia lililo kwenye orodha ya mabaharia wa meli ile, usilipie Rufiji. Akipenda, chongo huita kengeza, na jina la meli maarufu hupofusha kuliko dhahabu. Jina la Bismarck nalo ni hivyo: meli ile ilianza kazi tarehe 24 Agosti 1940, wakati mabaharia walikwisha kuvishwa utepe ulioandikwa Kriegsmarine tu, ili adui asijue meli zao.

Vitu hivi havifai kuwa mapambo ya ukutani. Vilitolewa na dola iliyoua mamilioni, na kati ya mabaharia wa nyambizi wapatao 40,000, karibu 30,000 hawakurudi. Ujerumani, kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuonyesha swastika hadharani isipokuwa kwa elimu, utafiti, sanaa na mengine ya namna hiyo. Viweke kwenye droo pamoja na maelezo yake, uvitoe kwa anayetaka kujifunza.

Na kama kwenu kuna kifungo chenye nanga, utepe au kipande cha shaba kilichobaki tangu vita vya Wajerumani, Rufiji, Tanga, Kigoma au kokote, nakuomba: usikisugue, usikipeleke kwa sonara, usikiuze kwa mgeni wa kwanza. Andika leo jina la mzee aliyekuwa nacho, alikipata wapi na kwa nani, kisha ukipeleke makumbusho wakikague.