Picha 8,000 kwa Mdudu Mmoja

Mwaka 2016 makumbusho ya historia ya asili ya Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, yalifungua maonyesho ya picha za wadudu yaliyoitwa Microsculpture. Mpiga picha alikuwa Levon Biss, ambaye kabla ya hapo alijulikana zaidi kwa picha za watu na za michezo. Wadudu wenyewe walitoka kwenye makabati ya makumbusho hayo, wakavu, wamechomwa pini. Baadhi ya picha hizo zilichapishwa kwa ukubwa wa mita 3 hivi, na bado kila kinyweleo cha mdudu kinahesabika.

Mtu akiziona, swali la kwanza ni lenzi. Jibu lake ni fupi: kamera ya megapikseli 36, lenzi ya milimita 200, na mbele yake lenzi ya hadubini inayokuza mara 10. Vyote hivyo vinauzwa. Kazi kubwa ilikuwa kwingine, kwenye kina na kwenye mwanga.

Tuanze na kina. Kadiri unavyomkuza mdudu ndivyo sehemu iliyo ndani ya fokasi inavyozidi kuwa nyembamba. Kwa lenzi ya hadubini hubaki utando tu: jicho likionekana vizuri, mguu ulio nyuma yake ni ukungu. Biss aliifunga kamera kwenye reli ya umeme inayosogea maikroni 10 kila baada ya picha, wakati unywele wa binadamu una unene wa maikroni 75 hivi. Kisha picha zile zikaunganishwa kwa programu inayochukua kutoka kila moja ile sehemu iliyo wazi tu. Mdudu mmoja aligawanywa sehemu zipatazo 30 na kugharimu picha kama 8,000. Ukigawanya, kila sehemu inapata picha 270 hivi, yaani safari ya reli isiyofika hata milimita 3. Kumkamilisha mdudu mmoja kulichukua karibu wiki tatu.

Hata hivyo, kwangu mimi reli si ajabu. Mashine inasogea, wewe unasubiri. Ujuzi wa Biss uko kwenye mwanga. Kila sehemu kati ya zile 30 aliipangia flashi zake upya: kipapasio peke yake, jicho peke yake, bawa peke yake, kama anavyofanya mpiga picha za watu anapotafuta upande mzuri wa uso. Gamba la mbawakawa linang'aa kama sufuria mpya juani. Ukilimulika kwa flashi tupu unapata doa jeupe na rangi zote zinapotea. Mwanga ukiwa mpana, laini na wa pembeni, ndipo vishimo na mistari ya gamba hujitokeza.

Anayeanza achukue nini hapo? Reli ya umeme aiache kwanza. Mdudu aliye hai hatakusubiri upige picha 270.

Kama una kamera na lenzi ya milimita 50, njia rahisi ni pete za kurefusha, zinazokaa kati ya kamera na lenzi. Hazina kioo ndani, kwa hiyo haziharibu ubora wa lenzi yako; zinaisogeza tu mbali na kihisio ili iweze kuona karibu zaidi. Hesabu yake: urefu wa pete gawanya kwa urefu wa lenzi. Pete ya milimita 25 kwenye lenzi ya 50 inakupa nusu ya ukubwa halisi, hata kabla hujagusa fokasi ya lenzi yenyewe. Nunua zenye viunganishi vya umeme, la sivyo kwenye lenzi nyingi za kisasa hutaweza kubadili tundu la lenzi linalopitisha mwanga. Lenzi halisi ya makro, tuseme ya milimita 100, inafika ukubwa halisi, 1:1, na inakuweka mbali kidogo na mdudu asiruke. Usidanganywe na neno “macro” lililoandikwa ubavuni mwa lenzi za zumu. Nyingi hazikaribii 1:1.

Mipangilio: weka kamera kwenye M, tundu f/8 hadi f/11, ISO 100 hadi 400, kasi 1/160 au 1/200 ili iende sawa na flashi. Kwa 1:1, f/8 inakupa kina cha takriban milimita 1 kwenye kamera ya fremu kamili. Utatamani kwenda f/22. Usiende. Kwa ukuzaji huo tundu linafanya kazi kama f/44, mwanga unatawanyika kwenye ukingo wake, na picha nzima inalegea. Mtikisiko wa mkono usikutishe, kwani kwa mipangilio hiyo mwanga wa kivulini pekee hauandiki kitu. Mwako wa flashi ikiwa kwenye nguvu ndogo ni mfupi kuliko 1/1,000 ya sekunde, na ndio unaomgandisha mdudu.

Fokasi otomatiki ya kamera izime. Chagua ukuzaji, kisha sogeza mwili wako mbele na nyuma polepole, ubonyeze kitufe jicho la mdudu linapokuwa wazi. Toka alfajiri, hasa nyanda za juu kama Njombe au Limuru, kabla jua halijawapasha wadudu miili. Nyuma ya mdudu pawe na jani la karibu, maana mwanga wa flashi hauendi mbali na usuli utatoka mweusi.

Ukitaka kujaribu kuunganisha picha, okota mbawakawa aliyekufa chini ya taa ya barazani na uanze na picha 10. Kamera nyingi mpya zinasogeza fokasi zenyewe, na programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker zitaziunganisha picha.

Na kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua flashi, uivalishe kipande cha dumu jeupe la maziwa ili kulainisha mwanga. Lenzi ya makro itasubiri.